Zawadi ya Krismasi kwa Mtoto Mdogo Ambaye Tayari Ana Kila Kitu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninaendesha kituo kidogo cha kulelea watoto mchana huku Tabata, Dar es Salaam. Watoto ninaoshinda nao wana kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu na nusu. Novemba ikianza tu, wazazi wanaokuja kuwachukua jioni huniuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: mtoto ana midoli mpaka haina pa kukaa, Krismasi ndiyo hiyo, tumnunulie nini? Haya ndiyo majibu ninayoyatoa pale getini, nimeyaandika kwa utulivu kidogo. Mengine nimeyapata kwa kuwatazama watoto wa wenzangu wakicheza, na mengine nimefundishwa na wanangu watatu.

Ana vitu vingi mno. Kuna ubaya nisipomnunulia chochote?

Hakuna. Mtoto wa miaka miwili hana habari na kalenda. Anachokiona siku hiyo ni kwamba nyumba inanukia pilau tangu asubuhi, baba hakwenda kazini, yeye amevalishwa nguo mpya na viatu vinavyowaka taa kila akikanyaga, na kila anayeingia anambeba. Wengi wetu tuliokua miaka ya themanini zawadi yetu ya Krismasi ilikuwa nguo, soda na paja la kuku. Nguo yenyewe ilinunuliwa kubwa makusudi ili ivaliwe na Pasaka. Boksi lililofungwa kwa karatasi ya kung'aa limeingia majumbani mwetu baadaye, tena mijini kwanza.

Kwa hiyo ukiwa umeshanunua nguo ya sikukuu, umemaliza, usijione umemnyima mtoto. Ila najua mzazi ana raha yake katika kutoa, na raha hiyo ni halali. Yanayofuata ni kwa ajili ya mzazi huyo.

Nitajuaje kama kweli vimezidi, au ni mimi tu nimechoka kuokota?

Kaa naye sebuleni jioni moja bila simu mkononi, umtazame. Mtoto aliyezidiwa na vitu humwaga kapu zima, hushika kimoja akakitupa, akashika kingine akakitupa, kisha huja kukuvuta kanga. Ukimwona hivyo siku tatu mfululizo, jibu umelipata.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo huko Marekani walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Walichukua watoto 36 wa umri wa miezi 18 hadi 30, wakawaacha wacheze mara moja wakiwa na vitu 4 na mara nyingine wakiwa na vitu 16. Walipokuwa na vinne, watoto walidumu na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi, na walikitumia kwa namna nyingi zaidi. Mimi hilo nimeliona kwa macho yangu. Kituoni natoa vitu vichache asubuhi, vingine vinakaa kwenye gunia juu ya kabati. Wiki ya pili nabadilisha. Siku ya kubadilisha utadhani nimerudi kutoka Kariakoo na mzigo mpya.

Kwa hiyo kabla hujanunua, fanya hivi: katikati ya Novemba ondoa theluthi mbili ya vitu vyake usiku akiwa amelala, uvifiche. Mkesha wa Krismasi toa viwili, uvioshe, uviweke mahali atakapoviona asubuhi. Kitu alichokisahau kwa zaidi ya wiki tano, kwake ni kipya kabisa.

Nataka kununua kitu kimoja tu, chenye maana na cha kudumu. Ni kipi?

Mnunulie kitu cha kazi kinacholingana na mwili wake.

Hapa huwa nasema kwa kirefu, maana ndipo nimeona mabadiliko makubwa. Mtoto wa miaka miwili hatamani kitu duniani kama kufanya anachofanya mama, baba au dada wa kazi. Ukifagia anataka ufagio. Ukifua anatia mikono kwenye beseni. Ukipepeta mchele anakaa karibu na ungo mpaka unaogopa utamwagika. Sisi tunamwondoa, tunampa jiko la plastiki lenye betri linaloimba kwa lugha asiyoijua, kisha tunashangaa amelitupa baada ya nusu saa na kurudi jikoni kwetu.

Mpe basi kifagio cha chelewa, vile vijiti vifungwe vifupi na kwa wepesi. Mpe ungo mdogo wa kuigiza kupepeta ukiwa umekaa hapo hapo. Kikapu kidogo cha ukindu cha kubebea vitunguu viwili mkitoka gengeni. Kindoo cha lita moja na kikombe, awe anamwagilia mchicha au maua kila jioni. Mkeka wake mwenyewe anaoukunjua na kuukunja.

Na kuliko vyote, kigoda. Mtoto mmoja hapa kituoni nyumbani kwao kuna gari la betri analoingia na kuendesha, ambalo mama yake anasema limekaa koridoni tangu mwezi wa nne. Nilipowapatia watoto vigoda vya mbao, huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kila asubuhi. Anakwenda kukibeba kigoda chake, anakiweka mlangoni, anakaa, anavua viatu. Akimaliza anakirudisha. Mama yake aliponiona nikimwacha abebe alitaka kumsaidia, nikamwomba amwache. Siku mbili baadaye alikwenda kwa mafundi wa Keko kuagiza cha nyumbani.

Fundi seremala yeyote wa mtaani atakutengenezea kwa mabaki ya mbao. Mwambie kimo cha kukalia kiwe sentimita 20 hadi 25 hivi, ili nyayo za mtoto zifike chini, na miguu ya kigoda itanuke kidogo nje kisipinduke. Apige msasa mpaka hata kitambaa laini kisikwaruzike. Rangi usiweke: rangi nyingine za mafuta zina madini ya risasi, na mtoto wa umri huu atakilamba kigoda chake, hilo sina shaka nalo.

Ndugu wataleta midoli hata nikisema isiletwe. Nifanyeje, hasa kwa mama mkwe?

Usitume tangazo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba mwaka huu mtoto hapokei midoli. Ujumbe huo, hata uupambe kwa maua, utasomeka kama kiburi, na mwenye kuumia zaidi atakuwa bibi aliyekwisha kudunduliza hela yake ya ndizi tangu Septemba.

Kwa bibi mzaa baba, maneno yapitie kwa mume, maana ni mama yake. Wala asiseme mtoto asiletewe. Aombe kitu. Mzee akiombwa na mwanawe anafurahi, na mjukuu anapata kitu chenye historia. Mume wangu alimwambia mama yake kwa simu hivi: "Shikamoo mama. Tunakuja tarehe 23, Mungu akipenda. Mjukuu wako siku hizi kila ufagio anaouona ni wake. Tunaomba umtengenezee kale kafagio kama kale ulikokuwa unanitengenezea mimi." Tulipofika kijijini kafagio kalikuwa kanatusubiri, kamefungwa kwa kamba ya mgomba. Bibi akatusimulia jinsi baba mtu alivyokuwa akifagia mavumbi kuyaingiza ndani badala ya kuyatoa nje. Mtoto wangu hakuelewa hata neno, lakini alikaa mapajani muda wote.

Kwa wifi, shemeji na marafiki wa rika lako sema wazi. Waambie mnachokihitaji: nepi, maziwa, sabuni, gauni la kwendea kanisani, au jioni moja ya kukaa na mtoto ili ninyi mtoke. Huyo wa kukaa na mtoto amekupa zawadi kubwa kweli kweli.

Na ikiwa mdoli umeletwa, pokea kwa mikono miwili, ushukuru, mtoto acheze nao mbele ya aliyeuleta. Mdoli wenyewe unaweza kwenda juu ya kabati tarehe 27.

Shangazi yake yuko nje ya nchi na anataka kutuma boksi. Nimwambie atume nini?

Mwambie atume sauti yake. Kama yuko Muscat, Minnesota au London, mtoto anamjua kama uso ndani ya simu unaokatikakatika. Mwombe arekodi hadithi za sungura na fisi, dakika tatu tatu, aanze na "Paukwa!" kisha anyamaze kidogo. Mtoto wa miaka miwili na nusu akizoea, utamsikia akijibu "Pakawa!" kutoka chumba cha pili. Hilo halina kilo wala ushuru.

Kama ni lazima kiwepo kitu cha kushika, kuna jambo ambalo dada mmoja alilifanya na nimelipenda sana. Aliagiza doti ya kanga inunuliwe hapa Mtaa wa Uhuru. Kipande kimoja akapewa mtoto kiwe shuka lake la kulalia, cha pili akapelekewa yeye na msafiri. Kila akipiga simu ya video anajitanda chake. Mtoto anakimbia kuchukua chake.

Tunasafiri kwenda kijijini Krismasi. Nibebe zawadi zake tukafungulie kule?

Tafadhali usifanye hivyo. Naandika hili kwa uchungu maana niliwahi kulifanya.

Wanaokwenda Kilimanjaro mwezi wa kumi na mbili wanajua: unafika kwa bibi unakuta wajukuu kumi na mbili, na wengine wanaingia kesho. Binti yangu wa pili alipokuwa na miaka miwili na nusu nilimbebea mdoli mkubwa wenye kigari chake, nikamfungulia uani asubuhi ya Krismasi, watoto wote wakitazama. Haikupita robo saa: yeye analia kwa sababu kila mtu anaugusa, binamu yake wa miaka mitatu analia kwa sababu haruhusiwi kuugusa, na wakubwa wamesimama pembeni kimya. Ule ukimya wa wakubwa ndio ulioniuma. Mama mkwe aliuchukua mdoli taratibu akaupandisha juu ya kabati lake, akawaita wote kula. Hakunisema, siku ile wala baadaye.

Tangu mwaka ule, zawadi ya mtoto wetu anaipata hapa Dar kabla hatujafunga safari. Kijijini tunabeba kitu cha kundi: mpira mmoja mzuri wa kweli na pampu yake, boksi la chaki za rangi, kamba ndefu ya kuruka. Na tunabeba kwa hesabu ya watoto wote kitu kidogo kinachofanana, kama daftari na penseli au biskuti, kila mmoja apewe na bibi kwa mkono wake.

Kumbuka pia kwamba kule mtoto wako ndiye mgeni wa michezo. Binamu zake wana magari ya waya na ya maboksi ya maziwa yenye matairi ya kandambili zilizokatwa, wana ringi za baiskeli za kusukuma kwa kijiti. Wetu alirudi na gari la boksi alilotengenezewa na kaka yake wa darasa la tano, na lilidumu kuliko lolote tulilowahi kununua dukani.

Ni vitu gani nisimnunulie kabisa?

Hapa sina utani hata kidogo.

Cha kwanza ni chochote chenye vibetri bapa kama vya saa, ambavyo mfuniko wake haukufungwa kwa skrubu. Kibetri hicho kikikwama kooni kinaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili tu. Midoli mingi ya bei nafuu inayowaka na kulia inavyo, hata baadhi ya kadi za Krismasi zinazoimba. Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe na usisubiri asubuhi. Kimbilia hospitali yenye eksirei.

Pili, visumaku vidogo. Viwili vikimezwa vinavutana vikiwa ndani na kubana kuta za utumbo mpaka zitoboke.

Tatu, vile vipunje vya jeli vya rangi vinavyovimba kwenye maji. Vinavimba hivyo hivyo tumboni.

Maputo watu wanayaona ya kawaida, lakini puto lisilojazwa au kipande cha lililopasuka kinaziba koo la mtoto vibaya sana. Yapambe juu, na likipasuka okota vipande vyote. Karanga na pipi ngumu kwenye kikapu cha sikukuu ziwe mbali na aliye chini ya miaka minne. Kamba ndefu za kuvutia vigari zikate fupi.

Kipimo changu cha nyumbani ni kile kibomba cha katikati ya tishu ya chooni. Kitu chochote, au kipande chochote kinachong'oka, kikipita humo, hakimfai aliye chini ya miaka mitatu. Ukiwa dukani vuta macho ya mdoli kwa nguvu, vuta na magurudumu ya gari. Muuzaji akikasirika, nenda duka la pili.

Vipi simu au tableti ya watoto?

Hapana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Simu yako anaiona tayari. Ya pili ya nini?

Vitabu je? Si atavichana tu?

Atavichana, na vingine atavila. Nunua vyenye kurasa ngumu za kadibodi, vya Kiswahili kama ukivipata. Wachapishaji wa hapa kama Mkuki na Nyota wana vitabu vya watoto vya Kiswahili. Vyenye kurasa za karatasi ya kawaida vikae kwako, msome pamoja.

Lakini kitabu kinachopendwa kupita vyote hapa kituoni hakikununuliwa. Mzazi mmoja alichapisha picha kumi na mbili kutoka kwenye simu: bibi, babu, mbuzi wa babu, dada wa kazi akicheka, bodaboda anayewapeleka kanisani, mlango wa nyumba yao, paka. Akazipeleka steshenari zikafanyiwa lamineshoni, akatoboa pembeni na kuzifunga kwa utepe mfupi. Mtoto aliyekuwa akisema maneno yasiyofika ishirini alianza kutaja watu kwa majina. Watoto wengine nao wamemjua huyo mbuzi. Kama ungeniuliza zawadi moja tu na fedha yako ni ndogo, ningekutajia hii kabla ya kigoda.

Ni vibaya kumpa pesa mtoto wa miaka miwili?

Ni vizuri, ila ni zawadi ya mtoto wa baadaye. Benki zetu nyingi zina akaunti za watoto, na UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wana Mfuko wa Watoto kwa walio chini ya miaka 18. Babu anayetaka kutoa kitu kikubwa mwelekeze huko. Utahitaji cheti cha kuzaliwa. Kama bado hujakifuatilia RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi, anza na hilo Desemba hii hii.

Babu anataka kumpa mbuzi. Au mti. Tukubali?

Mbuzi kubali kama atabaki kwa babu, na kama wote mmekubaliana kimoyomoyo kwamba hataliwa Krismasi ile ile. Mtoto akishamtambua, mtapata shida kubwa mezani.

Mti kubali kwa mikono miwili. Mchukue mtoto mpaka kihambani, shamba la nyumbani kwa babu, na mche wa parachichi uliobebeshwa, yaani ulioungwa kikonyo cha mti unaozaa. Mwache atie udongo kwa mikono yake na amwage maji kwa kikombe, umpige picha akiwa amesimama ubavuni mwa mche, wanalingana urefu. Mche uliobebeshwa ukitunzwa huanza kuzaa ndani ya miaka mitatu au minne, kwa hiyo wa miaka miwili atakula parachichi lake kabla hajamaliza darasa la kwanza. Kila Krismasi mkirudi, picha nyingine mahali pale pale. Mwanangu wa kwanza sasa ana miaka kumi na moja, na tukifika kwa babu yake huenda kwanza kwenye mti ndipo aingie kusalimia. Babu humsamehe.

Vya zamani nivipeleke wapi?

Vioshe kwa sabuni, vikauke juani, uvikague. Kilichong'oka gurudumu, au fumbo la picha lililopotea vipande, ni takataka, usimpe mtu. Ukipeleka kwenye kituo cha kulelea watoto yatima, piga simu kwanza uulize wanahitaji nini. Desemba wanaletewa midoli kwa magunia na wakati huo huo wamepungukiwa dawa ya meno na sare za Januari. Mtoto wako akiwa amefika miaka mitatu mshirikishe, achague mwenyewe viwili vya kumpa mwenzake. Chini ya hapo hataelewa. Fanya mwenyewe.

Amefungua zawadi, ameiacha pale pale, anacheza na boksi. Nimekosea wapi?

Hujakosea popote. Mkatie mlango na dirisha kwa kisu ukiwa peke yako, ondoa pini zote za chuma, mrudishie. Ingia nusu mwili ukiweza. La kwetu lilikuwa la feni. Lilikuwa nyumba, basi la mwendokasi, kisha kwa muda mrefu kitanda cha paka. Lilikaa sebuleni mpaka mwezi wa pili, mvua ilipolikuta barazani likalowa. Binti yangu alilia, nikaenda duka la vifaa vya umeme mtaa wa pili kuomba jingine.